Mke Mwenza Aliyeoga Kila Siku

Nilipoolewa nilijua naolewa na askari wa Bwana Nyama. Ambalo sikuambiwa ni kwamba nyumbani kwake kulikuwa na mwingine aliyenitangulia, mrefu, mwembamba, mweusi, asiyesema neno, na kwamba kila siku alasiri angesafishwa na kupakwa mafuta kabla mume wangu hajanawa mikono ale chakula changu. Alikuwa bunduki. Mimi nilimwita mke mwenza, na jina likamkaa. Hata mume wangu, aliyekuwa mzito wa kucheka, siku moja alisahau akasema, "Ngoja nimtoe mwenzio nje apate hewa."

Mimi ni mtoto wa Kanyenye, Tabora mjini. Baba yangu alikuwa fundi. Alitengeneza makufuli, aliziba mabirika yaliyotoboka, lakini kazi yake hasa ilikuwa magobore, zile bunduki za kushindilia baruti mdomoni ambazo babu zetu walizipata enzi za misafara, na ambazo wakati wa Mwingereza wawindaji wengi wa Unyamwezi bado walizificha nyuma ya mlango. Kwa hiyo mtutu kwangu haukuwa kitu cha ajabu. Nilichezea vipande vya mitutu kama wenzangu walivyochezea magunzi. Namkumbuka baba akipokea gobore la mtu. Hakulitazama kwanza. Alifumba macho, akapapasa mdomo wa mtutu kwa kidole, polepole, kama mwanamke anayechagua kitambaa dukani, halafu ndipo akafumbua macho na kusema ugonjwa uko wapi.

Mume wangu alikuwa amerudi kutoka vitani Burma akapata kazi kwa Bwana Nyama, yaani yule Mzungu wa serikali aliyesimamia mambo ya wanyama wa porini. Alipewa bunduki ya risasi, sanduku la risasi, kofia na kijiji cha kulinda. Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya Tabora, juu ya njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Njia yenyewe ilikuwa imebaki ukanda tu wa udongo mgumu usioota majani vizuri, na wanawake tuliifuata kwenda kisimani. Mvua kubwa ikinyesha iliibua shanga za misafara, nyekundu na za buluu, nami niliziokota nikazitunga. Hakuna aliyejua zilidondoka shingoni mwa nani.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kufukuza nyati na nguruwe pori wasimalize mtama na karanga za watu. Alfajiri utasikia mayowe ya hofu kutoka mashambani, naye tayari yuko mlangoni, kofia kichwani. Aliipenda kazi ile. Watoto walimwamkia shikamoo barabara nzima, na wazee ambao kwa umri wangeweza kumzaa walimpisha apite kwanza. Mtu akikwambia hayo hayampendezi mwanamume, anakudanganya.

Sasa nieleze lile josho. Risasi za siku zile zilikuwa na baruti yenye chumvi. Ukipiga risasi moja ukalala bila kuosha, kesho asubuhi mtutu ndani umeshaanza kupata kutu. Basi kila alipopiga, mimi nilitakiwa nichemshe maji. Si maji ya uvuguvugu, maji yanayotokota. Alilitoa lile komeo la nyuma, kile chuma kinachoifungia risasi ndani, akaweka mrija wa bati ambao baba yangu aliutengeneza kama zawadi ya harusi (wenzangu walipewa sufuria), akayamimina maji yakatokea upande wa pili meusi. Halafu kamba. Ilikuwa kamba ndefu ya pamba, upande mmoja ina kipande kizito cha shaba, upande wa pili kitanzi cha kushika kitambaa. Unaiinamisha bunduki mdomo chini, shaba unaidondosha kwa nyuma, inateleza ndani ya mtutu mpaka itokeze mdomoni, halafu unavuta, na kitambaa kinapita kikifuta kila kitu. Kitambaa kikavu mara kadhaa, mwishoni kitambaa chenye mafuta.

Hayo ni ya siku aliyopiga. Lakini yeye aliivuta kamba hata siku ambayo bunduki haikutoka ndani.

"Imefanya nini leo mpaka uisafishe?" nilimuuliza mwanzoni.

"Vumbi, Binti Fundi. Vumbi halingoji risasi."

Jeshini walikuwa wamemkomaza. Kila asubuhi, alisema, afande alipita mstarini akichungulia mitutu, na ole wake ambaye wake haukung'aa. Alinifundisha na mimi kuchungulia. Unaliweka komeo pembeni, unaweka ukucha wa dole gumba nyuma ya mtutu kuelekea jua, halafu unatazama kwa mdomoni. Ukucha unarudisha mwanga, na ndani unaona michirizi inayozunguka mpaka mwisho, ile inayoifanya risasi izunguke na kwenda ilikotumwa. Gobore halina michirizi hiyo. Mara ya kwanza nilipochungulia nilikuwa na hina kuchani, na mtutu mzima ukawa mwekundu ndani. Nikapiga kelele kwa furaha. Akasema, "Umempaka mwenzio hina!" na huo ulikuwa mmoja wa mizaha yake ya nadra.

Tuligombana, sikatai. Mafuta ya serikali yalipokwisha alivamia samli yangu. Nilipoficha samli akahamia kwenye mafuta ya karanga, yakagandia kwenye komeo mpaka likawa halifunguki, nikamcheka nusura nianguke. Mwisho jirani yetu, bibi mmoja mjane ambaye kwa desturi ya huko alikuwa mtani wa mume wangu na hivyo ana ruhusa ya kumsema apendavyo, akatuletea mafuta ya mkia wa kondoo. Akaniamkia kwa lugha ya kwao na kunikabidhi kibuyu, akisema, "Mwangaluka, mama. Haya ni ya mke mwenzio. Wewe mwenyewe bakia na ngozi yako kavu."

Lakini niseme ukweli: saa ile ya josho ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi kimya, akila kimya. Ila akishakaa kwenye kigoda chake barazani baada ya swala ya alasiri, kitako cha bunduki chini kati ya miguu yake, mdomo juu, kamba mkononi, ulimi ulifunguka. Mimi nilikaa mkekani mkono wake wa kushoto, karibu na mlango, nikibambua karanga, naye akivuta kamba akinisimulia: nyati alivyogeuka, Burma kulivyonyesha, mama yake alivyompiga kwa kuvunja mtungi. Akimaliza kusafisha, bunduki inaingia ndani na maneno nayo yanaingia ndani. Ndiyo maana wakati mwingine nilimwambia bado naona vumbi. Hakukuwa na vumbi lolote.

Tukaishi hivyo miaka mingi, na ilikuwa miaka mizuri.

Halafu akaanza kukosa. Kwanza alimkosa nguruwe, nikasema nguruwe ana mbio. Akamkosa mwingine aliyesimama. Msimu uliofuata nyati dume aliingia kwenye mtama wa bibi mtani wetu, jua limeshatoka, mnyama amesimama ubavu kama ukuta wa nyumba, na mume wangu akapiga risasi ikakata mti mbali kabisa. Nyati akaondoka zake akitafuna. Bibi hakumtania siku hiyo. Hilo lilinitisha kuliko kama angemtukana.

Kijijini wakaanza: macho. Askari amezeeka, macho yamekwenda. Walisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonikera. Kila mwaka kiangazi Bwana Nyama alipita kukagua askari wake, na kila mmoja alipiga shabaha mbele yake. Aliyeshindwa alishukuriwa, yaani aliachishwa kazi, na bunduki ikachukuliwa. Mwaka uliotangulia askari wa upande wa Lusu alikuwa ameshukuriwa hivyo, na watu waliopita huko walisema sasa anashinda amekaa ndani, hataki hata kuamkiwa. Mume wangu alizisikia habari hizo akaendelea kuvuta kamba. Alivuta zaidi. Aliivuta asubuhi na jioni, na sasa hakusimulia chochote. Nilibambua karanga zangu nikisikia kamba tu inavyokwaruza.

Sikuwa na raha. Siku moja nikamuuliza waziwazi kama macho yanamsumbua. Akasema, "Basi kama kila mtu anasema." Hakuwahi kunijibu hivyo, kwa sauti ndogo namna ile.

Nikaamua kumpima. Nilinunua mchele, ule mchele wa mashineni wenye chenga na mawe ya rangi ileile ya punje, nikamwaga kwenye ungo nikamwekea mapajani, nikasema mgongo unaniuma anichambulie. Alinitazama kana kwamba nimeomba avae khanga. Lakini akachambua. Nikamwacha, nikarudi, nikaupitia ule mchele punje kwa punje. Hakukuwa na jiwe hata moja. Alikuwa ametoa hata vijiwe ambavyo mimi mwenyewe ningevipika tukavitafuna.

Nikajua sasa. Macho ni mazima. Mgonjwa ni mwenzangu.

Mume wangu alipokwenda msikitini Ijumaa, nikamtoa mwenzangu nje. Komeo nikaliweka pembeni, ukucha nyuma, nikachungulia. Alikuwa safi, jamani, msafi kuliko chungu changu chochote. Michirizi ilizunguka, ikaja, ikaja, na karibu na mdomo ikafifia kama njia ya misafara ikiingia porini. Nikafumba macho nikapapasa mdomo kwa kidole kama baba. Upande mmoja ulikuwa mviringo mzuri. Upande wa pili kulikuwa na mfereji, laini, mdogo, unaotosha kamba kulala ndani yake.

Kamba! Kila siku kamba ile yenye vumbi ilikwaruza mdomo, mahali palepale. Chuma kililiwa na pamba. Na risasi ikifika pale mlangoni ilikuwa inasukumwa kando dakika ya mwisho.

Aliporudi nikamwambia. Nilikosea kuanza kwa furaha, kwani mimi nilikuwa namletea habari njema, kwamba haoni vibaya. Yeye alisikia jambo jingine.

"Unasema bunduki yangu ni mbovu?"

"Nasema imeliwa na kamba."

"Hakuna askari anayeitunza bunduki kama mimi. Hakuna! Nenda Tabora yote uulize."

"Umeitunza mpaka umeimaliza," nikamwambia.

Akaingia ndani na bunduki yake, na chakula hakukigusa. Nilikasirika nikakila chote. Lakini nilimwelewa. Askari ambaye mtutu wake umeharibika watu hudhani ni mchafu, kwamba aliuacha ukashika kutu. Mzee hana kosa, mchafu ana kosa. Nadhani katika hizo aibu mbili alikuwa tayari amechagua ya uzee.

Bwana Nyama akaja. Walitundika kibao chenye duara jeusi kwenye kichuguu nje ya kijiji, na kijiji kizima kikatoka kutazama, sisi wanawake nyuma kabisa. Pamoja na Bwana Nyama alikuwako sajini wake, mtu mnene aliyebeba bunduki ya namna ileile. Mume wangu akalala chini, akapiga. Vumbi likaruka kando ya kibao. Akapiga tena. Vumbi tena, hata mbali zaidi. Bwana Nyama akainama akamwambia kitu kwa upole, na ule upole niliutambua hata kwa mbali. Ndivyo wanavyoshukuriwa.

Mume wangu akainuka, akajipangusa magoti. Akaitazama bunduki yake. Kisha akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Naomba kupiga kwa bunduki ya sajini, bwana. Hii yangu imeliwa na kamba."

Nikashika mkono wa bibi mtani. Sajini akatoa yake bila kupenda. Mume wangu akalala tena. Alipopiga, hakuna vumbi lililoruka. Akapiga ya pili. Mtoto mmoja akakimbia kichuguuni akarudi na kibao, na ndani ya duara jeusi kulikuwa na matundu mawili yaliyokaribiana kama macho. Vigelegele! Mimi nilivipiga, vya kimjini, virefu, sikujali.

Bwana Nyama akaichukua bunduki yetu. Akachungulia. Akapapasa mdomo kwa kidole, na uso wake ukabadilika. "Hii haikufa kwa kutu," akasema kwa Kiswahili chake cha kunyooka. "Ni safi sana. Imekufa kwa kuoga." Sajini akacheka, watu wakacheka, na mume wangu, baada ya kuhakikisha hakuna anayemcheka yeye, akacheka pia. Kisha Mzungu akauliza, "Lakini mfereji uko upande mmoja tu. Unavuta vipi? Kaa, nionyeshe."

Wakamletea sanduku. Mume wangu akaketi kama anavyoketi barazani, kitako kati ya miguu, mdomo juu. Akaiinamisha kwanza, akadondosha shaba kwa nyuma, akaishika kamba ilipotokeza, akaisimamisha tena, akavuta. Hakuivuta kwenda juu. Aliivuta kwenda kushoto, na alipokuwa akivuta uso wake nao ukageuka kushoto, akatazama chini kidogo, kwa utulivu, midomo ikiwa imefunguka kama mtu anayetaka kuanza kusema. Upande ule hakukuwa na mtu. Kulikuwa na majani makavu tu na kivuli cha sanduku.

"Kwa nini upande huo?" Bwana Nyama akauliza.

"Sijui, bwana. Ndivyo ninavyovuta."

Bibi mtani akanifinya. "Wewe mwana wa mjini," akaninong'oneza, "anamtazama nani pale?"

Barazani, pale ndipo ulipo mkeka wangu. Miaka yote nilimwonea wivu yule wa chuma, nikihesabu mafuta yake na maji yake ya moto, na kumbe kila siku alipokuwa mikononi mwake mume wangu alikuwa amegeukia kwangu. Chuma kizima kilikuwa kimechimbika kwa sababu hiyo.

Bunduki mpya ililetwa kabla ya mvua, pamoja na amri: kamba ivutwe wima, isiguse mdomo. Mume wangu hapuuzi amri. Akawa anasimama uani kama yuko gwaridani, kitako ardhini, anavuta kwenda juu, macho mbinguni, kimya kabisa. Mimi mkekani na karanga zangu. Nilivumilia siku chache. Halafu nikasukuma ungo kando, nikakaa kwenye kigoda chake.

"Nipe nimshike," nikasema.

"Umshike nani?"

"Mwenzangu. Mimi nitamsimamisha wima, wewe vuta."

Alisita, maana kwa kweli sikuwahi kumshika wakati akiogeshwa. Kisha akanikabidhi. Nikambana kwa mikono miwili kati ya magoti, amenyooka, mzito, ananuka mafuta ya mkia wa kondoo. Mume wangu akasimama mbele yangu, akaivuta kamba ikapanda juu bila kugusa popote, na ili aone kama imenyooka ilimbidi atazame chini, usoni kwangu. Hapo akaanza: "Leo kule bondeni nimeona nyayo..." Nikajua nyumba yangu imerudi.

Tulimwogesha hivyo, sisi wawili, mpaka siku mume wangu alipostaafu na bunduki ikarudishwa Tabora. Asubuhi ile, kabla hajaondoka nayo, nilifumba macho nikapapasa mdomo wa mtutu kwa kidole. Ulikuwa duara kamili, hauna alama yoyote, na mume wangu akaniuliza mbona sifurahi. Nilifurahi. Ila nilikuwa naifikiria ile ya kwanza, iliyotupwa ghalani huko kwa ubovu, ikiwa na alama yangu mdomoni.